Vumbi la Kangulumira, tope la Mabira

Jumatano

Basi la kutoka Mwanza hadi Kampala halina simulizi ndefu. Tuliondoka Nyegezi kungali giza, tukavuka daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache, pale ambapo kabla ya Juni 2025 watu walisota foleni ya kivuko, tukapita Geita, Biharamulo na Muleba, tukashushwa Mutukula kugonga mihuri. Uhamiaji wa nchi zote mbili uko chini ya paa moja siku hizi, kwa hiyo kilichotuchelewesha ni kadi ya shemeji ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo aliificha chini kabisa ya begi, ndani ya soksi, ili isipotee.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Anaendesha bodaboda Igoma, Mwanza, na dada aliposikia nataka kwenda Uganda kuendesha zile pikipiki za magurudumu manne porini, akaniambia nimchukue, maana hajapumzika tangu anunue pikipiki yake. Njia nzima alikuwa anacheka. "Yaani shemeji, watu wananilipa niwapeleke, halafu leo mimi nikamlipe mtu nijipeleke mwenyewe?" Abiria wa kiti cha mbele aligeuka kumuunga mkono. Kampala tuliingia usiku.

Alhamisi

Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 tu na ushei, ila barabara ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Mombasa, kwa hiyo ilitula asubuhi nzima. Baada ya Lugazi msitu wa Mabira ukatufunika pande zote mbili za lami, ubaridi ukaingia dirishani ghafla, kisha tukatokea ng'ambo ya pili kwenye miwa. Tulishuka Njeru, kabla ya kuvuka mto Nile, kwa kuwa kituo cha kwadi (huku wote wanaziita hivyo) kiko ukingo wa magharibi.

Kiongozi wetu ni Msoga wa makamo aliyekulia jirani na kambi ya jeshi ya Jinja, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, hakina mapambo, hata akikukaribisha chai unajikuta umesimama wima. Mimi aliniita mzee, ingawa sidhani kama tumepishana miaka mitano. Shemeji alimwita kaka. Msaidizi wake ni binti wa Kiganda asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ni kukaa mkiani mwa msafara na kuokota kinachodondoka, kiwe chupa ya maji au mtu mzima. Sisi tukamwita dada wa nyuma, na jina likamkaa.

Kabla ya kugusa mashine unavalishwa: ovaroli, gambuti, helmeti, miwani ya vumbi, na kitambaa cha kufunga pua na mdomo. Shemeji alikataa kitambaa. Kiongozi hakubishana naye, alikikunja tu akakitia mfukoni mwake mwenyewe.

Kisha mafunzo, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtu akiiona kwadi kwa mbali anadhani ni pikipiki iliyoongezewa matairi mawili ili isianguke. Sivyo. Kwanza haina klachi wala gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu inapita kwenye mkanda, wewe unachagua mbele, nyuma au gia nzito ya kupandia, basi. Mafuta hayazungushwi kwa kiganja, yanasukumwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na hicho kidole baada ya saa mbili kinakufa ganzi. Matairi ni mapana, ya kashata nene, na upepo wake ni mdogo mno. Kiongozi alipima mbele yetu: psi 5. Gari dogo linabeba 30 na kitu. Tairi likiwa laini hivyo linalilalia jiwe badala ya kulirukia, na kwenye tope linatandaza uzito usizame.

Ugumu uko kwenye kona. Ekseli ya nyuma ya hizi mashine ni moja iliyonyooka, haina difu, kwa hiyo matairi mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa, la ndani na la nje. Ukikata usukani tu, kwadi inakusikia lakini haikutii: inataka kwenda mbele. Dawa yake ni kuhamisha mwili. Unanyanyua makalio kidogo, unaegemea upande wa ndani wa kona huku ukikandamiza kikanyagio cha nje, tairi la ndani linapunguziwa uzito, mashine inageuka. Pikipiki inalala na wewe. Kwadi hailali, unalala wewe.

Shemeji, mwenye mikono iliyozoea Boxer, alipofika kona ya kwanza alifanya kile mwili wake unachokijua: alisukuma mkono wa ndani kidogo akasubiri pikipiki ilale. Haikulala. Ikaenda moja kwa moja hadi kwenye matairi mabovu yaliyopangwa pembeni ya uwanja na kuyapanda mawili. Dada wa nyuma akaja kuichomoa bila kucheka, jambo ambalo nilimheshimu nalo, maana mimi nilishindwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na kiongozi akalikemea kwa sauti. Kila mashine ilipoyumba, shemeji alishusha mguu. Kwenye bodaboda mguu chini ni uhai. Kwenye kwadi, tairi la nyuma liko nyuma ya kisigino chako kwa nusu hatua tu, na ukishusha mguu wakati mashine inaenda mbele, linakukanyaga kisigino na kuuvuta mguu mzima chini yake. "Kaka, mguu ni wa hapa," alisema akipiga kikanyagio kwa fimbo. "Inataka kuanguka, wewe bakia juu. Miguu yako nimeihesabu, ni miwili, jioni narudisha miwili." Alilirudia hilo mpaka shemeji akaanza kulisema yeye mwenyewe kwa mzaha.

Tulifundishwa mlima: ukipanda inama mbele kifua kikaribie usukani, ukishuka rudisha uzito nyuma kwenye gia nzito, na ukikwama katikati ya mwinuko usithubutu kugeuza, shika breki ukae usubiri mtu. Mteremko wa ubavuni unakalia upande wa juu. Halafu likaja somo la mwisho, ambalo halikuhusu mashine kabisa. Kiongozi aliokota udongo mwekundu mkavu, akaupuliza kiganjani uelekee kwetu. Akasema huku watu wanakaa kando ya njia, wanapika kando ya njia, wanaanika kando ya njia. Atakaponyoosha kiganja na kukishusha polepole, maana yake kuna nyumba mbele, na tunapunguza kabla ya kuifikia, siyo tukiwa mbele yake. Atakayefika kwa kasi ndipo ashike breki atakuwa ameshamwagia mtu vumbi kwenye sufuria. "Mbio kila mtu anaweza," alisema. "Kidole gumba kila mtu anacho."

Jioni tulitembea kwenda kuona daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525 kutoka ukingo hadi ukingo. Askari hawataki upige picha, kwa hiyo sina picha.

Ijumaa

Saa moja asubuhi injini zilikuwa zinanguruma. Julai huku ni kiangazi, na kiongozi anapenda kuwahi kwa sababu umande unayashika mavumbi hadi kama saa tatu, na upepo unakuwa haujaamka. Tulikuwa kwadi sita pamoja na ya kwake: sisi wawili, mke na mume kutoka Nairobi, na dada wa nyuma na mashine yenye sanduku la vifaa, kamba na maji.

Tulikwenda kaskazini tukiufuata mto kwa mbali. Kwanza tulipita kando ya bwawa la umeme la Bujagali. Pale palikuwa na maporomoko, ndiyo yaliyowaleta wazungu wa kwanza wa mitumbwi ya mpira, na Wasoga wanaamini yana mzimu wake ambaye mganga wake anarithi jina la Bujagali kizazi hata kizazi. Bwawa likakamilika mwaka 2012, megawati 250, na maporomoko yako chini ya maji yaliyotulia kabisa. Kiongozi alisimamisha msafara, akanyoosha kidole kwenye maji matupu kuonyesha wapi palikuwa na nini. Wanandoa wa Nairobi walipiga picha ya maji matupu.

Baada ya hapo ndipo safari ilipoanza. Njia ni za vijiji, za udongo mwekundu, upana wa gari moja, zinapita katikati ya migomba na mibuni na ghafla zinakutoa uani kwa mtu. Siyo karibu na ua, uani kabisa: kushoto jiko, kulia choo, katikati wewe na injini yako. Kiganja cha kiongozi kilikuwa kinashuka kila baada ya dakika mbili. Alikuwa anajua kila nyumba. Penye watu wanalima alipunguza mpaka injini inakaribia kuzima, akapaza "Mugyebale ko!", yaani poleni na kazi kwa Kiganda, nao wakanyoosha migongo na kujibu. Hakupita mtu bila salamu. Nilijaribu kuhesabu salamu zake nikaacha.

Watoto ndio wanaosikia injini kwanza. Wanatoka migombani mbio, mikono juu: "Muzungu, bai! Muzungu, bai!" Ukivaa helmeti, miwani na kitambaa, umefutika, huna kabila wala rangi, basi wewe ni mzungu. Shemeji lilimkera. Mahali fulani alisimama, akavua helmeti yote, akawaonyesha sura ya Kisukuma isiyo na shaka. Wakamtazama kimya. Mmoja mdogo akawaza, kisha akasema kwa sauti ya kuamua jambo, "Muzungu, bai." Siku hiyo nzima nilimwita mzungu na hakuwa na la kunijibu.

Kufikia saa nne umande ulikuwa umekwisha, na hapo kila aliyekataa kitambaa alikiomba. Kiongozi alikitoa mfukoni bila neno. Alitupanga upya vilevile: badala ya kufuatana mstari mmoja tukapishana, mmoja kushoto mwa njia na mwingine kulia, nafasi ya mita 40 hivi, na kila njia ilipogeuka alituhamishia upande upepo unakotoka ili wingu la wa mbele limkose wa nyuma. Hata hivyo dada wa nyuma lilimpata lote. Mchana alipovua miwani, alikuwa na duara mbili safi kuzunguka macho, kwingine kote mwekundu.

Sehemu moja kabla ya kufika Kangulumira mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai lililomeza nusu ya njia. Mahindi ya msimu wa kwanza ndiyo kwanza yamevunwa. Mwenyewe, bibi wa makamo aliyekaa kwenye mkeka, hakuinuka. Kiongozi alizima injini, akatuzimisha sote, akaenda kuchuchumaa kando yake. Walisalimiana kwa Kiganda salamu ndefu za kwao, habari za nyumbani, za shamba, za watoto. Kisha akasimama, akashika pembe mbili za turubai, akazikunja juu ya mahindi taratibu mpaka njia ikatosha. Tukapita mmoja mmoja, kidole gumba kikigusa tu, huku dada wa nyuma amesimama katikati ya turubai na tairi zetu. Tulipokwisha pita wote kiongozi alirudi, akakunjua pembe, akapiga magoti na kurudisha kwa mkono punje zilizomwagikia njiani. Hiyo ilituchukua karibu robo saa. Mume wa Nairobi aliangalia saa mara mbili, kisha naye akashuka akaokota.

Nusu saa baadaye tulipishana na msafara mwingine, si wa kituo chetu, vijana wanane hivi wanafukuzana. Sitasema ni wa nani. Tulisimama pembeni hadi wingu lao likatulia, na lilikawia kutulia. Kwenye nyumba iliyofuata tulimkuta mama anazianua nguo alizokuwa amezianika muda si mrefu, anazikung'uta na kuzirudisha kwenye beseni. Alitutazama sisi. Kiongozi akamsalimu, hakuitikia, na kiongozi akatuambia anayo haki. Hapo nikaelewa kwa nini jana alipuliza ule udongo kabla ya kutufundisha breki za mteremko. Kwa maoni yangu, kiongozi wa kwadi apimwe kwa hilo tu: wanaobaki nyuma ya msafara wake wanamtazamaje kesho akirudi. Vilima na madimbwi vipo kila mahali.

Kangulumira yenyewe ni nchi ya mananasi. Mashamba yanaanzia barabarani yanapotelea bondeni, na njia kati ya matuta ni nyembamba kiasi kwamba majani yanakukwaruza gambuti. Tulikula nanasi lililokatwa kwa panga mbele yetu, tamu mno, nikalamba vidole vyenye vumbi bila aibu. Mwenye shamba alitupeleka pia kuona vanila yake, ambayo inapanda kwenye miti ya mbono kaburi. Nilitegemea harufu. Hakuna. Maganda mabichi hayanukii kitu. Harufu inakuja baada ya kuchemshwa kidogo, kufunikwa yatoke jasho na kuanikwa kwa wiki nyingi. Ua lake linachanua siku moja, na kwa kuwa wadudu wanaolihudumia huko lilikotoka Mexico hawapo huku, mkulima analichavusha mwenyewe kwa kijiti, ua moja moja, halafu anasubiri kama miezi tisa. Ndiyo maana wezi wakivamia usiku wanaiba kazi ya mwaka. Serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna ili vanila changa ya wizi isipate soko, na bado watu wanalala shambani. Alituonyesha godoro lake chini ya mti. Shemeji alimuuliza kama hana mbwa. Alikuwa naye, akaibiwa.

Maporomoko ya Kalagala tuliyafikia mchana. Mto umegawanyika kukizunguka kisiwa, upande huu Kalagala, upande wa pili Itanda, na mngurumo unausikia hata injini ikiwa bado inawaka, kupitia helmeti. Kabla Bujagali haijazamishwa, Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia, mwaka 2007, kwamba hapa pasijengwe bwawa la umeme, pabaki hivi kama fidia. Bwawa lililofuata, Isimba la megawati 183, likajengwa chini zaidi, na lilianza kazi mwaka 2019. Tulikaa juu ya mwamba tukila rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, tukiangalia maji ambayo shemeji alidai ni ya kwao. Kwa kweli hakukosea sana: Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja.

Tulirudi kwa njia nyingine. Ya mchana kurudi sina la kuyasimulia isipokuwa kidole gumba.

Jumamosi

Usiku mvua ilinyesha, ya kelele lakini fupi. Asubuhi kiongozi alikuwa na furaha ya wazi. Vumbi kwisha, na huko msituni, akasema, sasa mtaendesha.

Leo tulielekea magharibi. Miwa kwanza, ukuta kushoto na kulia, hakuna cha kuona ila anga na mgongo wa aliye mbele, na kila njia panda unasimama kabisa kwa sababu trekta la miwa halikuoni wala halina breki za kukusaidia. Kisha vijiji, kisha chai kidogo, kisha njia ikaingia kwenye miti.

Mabira ni kilomita za mraba kama 300, hifadhi tangu 1932, na ndani yake kuna vijiji vilivyozungukwa na msitu, kwa hiyo zipo barabara za udongo zinazoukatiza. Tulitumia mojawapo. Mwanga ulipungua hadi nikainua miwani. Hewa ikawa nzito na yenye harufu ya majani yanayooza. Na chini, badala ya vumbi, tope jeusi lenye mifereji miwili iliyochimbwa na malori, yenye kina kupita usawa wa tumbo la kwadi.

Ukiingiza matairi kwenye mifereji ile, tumbo linakaa kwenye tuta la katikati na matairi yote manne yanazunguka hewani. Kwa hiyo unapanda: matairi ya kushoto juu ya tuta, ya kulia juu ya ukingo, na mfereji unapita katikati ya miguu yako. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Usukani unachezacheza wenyewe, na ukiubana sana unakuchosha mabega, kwa hiyo unauachia ucheze kidogo huku mwili ndio unaosahihisha. Nilikuwa nimewasha magurudumu yote manne na gia nzito, na kwa mara ya kwanza nilisikia mashine na mimi tunaelewana. Ilidumu kama dakika kumi.

Penye dimbwi kiongozi hakutuacha tukisie. Alishuka, akaingia kwa miguu na fimbo, akalivuka zima na kurudi. Maji yakizidi usawa wa vikanyagio tunatafuta njia nyingine, kwa sababu injini ikivuta maji badala ya hewa safari imeishia hapo. Yakiwa chini ya hapo unaingia taratibu na hupunguzi mafuta mpaka utoke.

Ilikuwa baada ya dimbwi la pili. Kiongozi alinyanyua ngumi, tukasimama. Mstari mweusi ulikuwa unakatiza njia, upana wa kiganja, unametameta. Siafu. Mvua iliwahamisha. Kiongozi aliagiza kila mtu abaki juu, miguu kwenye vikanyagio, tutavuka kwa mwendo mmoja bila kusimama. Wa kwanza akapita, wa pili akapita. Kwadi ya shemeji ikateleza kidogo kwenye mzizi, ikayumba, na mguu wa bodaboda wa miaka yote hiyo ukashuka wenyewe.

Haukukanyagwa na tairi, kwa sababu mashine ilikuwa imesimama. Ulitua katikati ya mstari. Kwa sekunde mbili tatu hakuna kilichotokea, nadhani siafu nao walikuwa wanashauriana. Kisha shemeji akaruka. Alivua gambuti, akavua ovaroli hadi magotini, akawa anajipiga mapaja na kutaja watakatifu ambao sikujua anawafahamu. Dada wa nyuma alikuja akiwa na mikono mitupu na kuanza kuwang'oa mmoja mmoja, maana kichwa cha siafu kinabaki kimeng'ata hata kiwiliwili kikikatika. Alipomaliza alimpa shemeji gambuti lililokung'utwa, akasema maneno yake marefu kuliko yote ya safari: "Kaka, leo mguu umejifunza." Shemeji hakushusha tena mguu hadi tulipotoka msituni. Hata tuliposimama kupumzika alikaa amekunja miguu juu ya kiti.

Njia ilitutoa karibu na barabara kuu, upande wa Najjembe, tukaziacha kwadi na dada wa nyuma na kuingia kwa miguu na mtembeza wageni wa msitu. Kwa haki, msitu wenyewe unauona hivi tu. Juu ya kwadi wanyama wanakusikia kilomita moja kabla. Kwa miguu tuliona kima wenye mkia mwekundu, hondohondo wawili wakipita juu kwa sauti ya mabawa mazito, na tukasikia, lakini hatukuona, mangabei wa Uganda, nyani wa mitini ambaye wanasayansi walimtambua kama spishi ya peke yake mwaka 2007. Mvule mmoja ulikuwa mnene hivi kwamba sisi watu wanne hatukuweza kuuzunguka kwa mikono.

Mtembezaji alituonyesha pia miti myembamba mingi ya rangi ya kijivu, imejazana sehemu zilizokatwa zamani. Ni mforosadi wa karatasi, mti wa Asia ulioletwa ili kutengenezea karatasi. Karatasi haikutokea, mti ukabaki, na unasambazwa na ndege na kima wanaopenda matunda yake. Hali kadhalika alisimulia habari za 2007, serikali ilipotaka kuwapa watengeneza sukari kama hekta 7,100, karibu robo ya msitu. Watu waliandamana Kampala mwezi Aprili, baadhi wakauawa, na mpango ukawekwa kando mwaka huo huo. Alisimulia akiwa amesimama mahali ambapo miwa na msitu vinapakana, upande huu kivuli, upande ule jua kali, na kati yake hatua moja.

Najjembe sokoni wauzaji wanalizunguka gari kabla halijasimama, kila mmoja na joho lake lenye namba, mishikaki ya kuku mkononi na ndizi za gonja za kuchoma. Sisi tulifika bila gari, tumejaa tope mpaka nyusi, nao wakasita kidogo. Shemeji akaanza kubembeleza bei kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili kizuri, akashindwa, akalipa. Alikula kuku wawili wazima.

Jumapili

Kuosha. Kila kwadi inapigwa maji ya presha, halafu dada wa nyuma anafungua kiti na kutoa ea klina. Ya kwangu ilikuwa nyekundu ya Ijumaa chini na nyeusi ya Jumamosi juu. Anaiosha kwa sabuni, anaikamua bila kuisokota, anaianika kivulini, kisha anaipaka mafuta mepesi yanase vumbi. Akiacha hiyo kazi kwa wiki moja ya kiangazi, injini inakula mchanga. Shemeji alisimama kando yake, hatimaye akachuchumaa na kuanza kumsaidia, na kwa nusu saa walizungumza habari za shokapu na beringi kama watu waliofahamiana zamani.

Kisha akamfuata kiongozi. Alitaka kujua kwadi iliyotumika inauzwaje. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: barabara za kwenda mialoni huko kwetu ni mbovu, pikipiki zinaanguka na samaki, mashine hii haianguki, inabeba mbele na nyuma. Kiongozi alimtajia bei. Shemeji akauliza bei ya tairi moja. Akatajiwa. Akauliza inakunywa mafuta kiasi gani kwa mzigo. Akatajiwa, na hapo nikaona midomo yake inahesabu kimyakimya, akiondoa kodi ya mpakani, mpaka akafika mwisho na kutikisa kichwa.

"Basi kiongozi, niuzie hilo ovaroli."

Alimuuzia, na tope lake.